Mboto wa Papa Julien

Majengo, 7 Septemba

Mvua ya kwanza leo, baada ya misa. Papa alianza kugonga mkono wa kiti kabla hata tone moja halijaanguka, maana pua yake haikupooza. Nilijua anachotaka: niondoe pipa chini ya bati. Maji ya kwanza yanaosha majivu ya volkano juu ya nyumba, na majivu yanaua samaki. Maji ya pili ndiyo ya samaki. Yakibaki, ndiyo yetu.

Kwa hiyo mimi Kaswera, fundi wa nguo, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nilisimama uani nikilowa, nikingoja majivu yapite, halafu nikalisukuma pipa mahali pake. Niliporudi ndani Papa aliliangalia pipa kupitia mlango. Mimi hakuniangalia.

Abbé, padri wetu, anasema si vizuri kumlalamikia mzazi mbele ya watu. Karatasi si mtu. Farmasi ya hapa barabarani ilinipa agenda, daftari la tarehe, mwezi wa kwanza na kurasa zake karibu zote ni nyeupe. Nitaandika humu.

9 Septemba

Lengalenga, mchicha wetu, kwa samaki. Bouillie, uji, kwa Papa. Mimi, kilichobaki.

14 Septemba

Mtu akiingia kwenye salon yetu, sebuleni, mara ya kwanza anasahau kusalimia. Ukuta mzima unaotazama barabara umefunikwa na aquarium, tangi la samaki la kioo, ambayo Papa aliijenga mwenyewe mwaka alioacha kuendesha magari makubwa. Ndani wamo mboto tisa, samaki wa mto, rangi ya chungwa iliyokatwa na mistari myeusi. Papa aliwaleta kutoka Kisangani kwa ndege wakiwa wadogo kama kidole, ndani ya mfuko wenye hewa. Sasa kila mmoja ana urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Wanatembea pamoja. Mmoja akigeuka, wote wamegeuka. Ukidondosha mkasi sakafuni wanarundikana kwenye kona moja, wakitetemeka, halafu mmoja anatoka na wengine wanamfuata.

Maji ya ziwa peke yake ni makali kwao, ndiyo maana ninateseka na mvua. Wanakula majani kama mbuzi. Na sasa uwanja wa ndege umefungwa, Kisangani imekuwa mbali kama Ulaya. Akifa mmoja, hakuna mwingine.

Ni mwaka wa pili tangu Papa apooze upande wa kuume. Maneno yaliyobaki mdomoni mwake yanatosha kwenye kiganja: ndiyo, hapana, maji, samaki, na matusi yote ya chauffeur wa malori wa barabara ya Kisangani. Matusi yametoka salama kabisa. Kila asubuhi akifumbua macho neno la kwanza ni "samaki". Jina langu halijamrudia hata siku moja.

Nilipokuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu mmoja wa Beni alileta mbuzi wa kunichumbia. Papa alimrudisha pamoja na mbuzi wake. Mama alikuwa mgonjwa, nani angemwangalia? Mama alifariki. Mwalimu alioa kwingine. Kisha Papa akaanguka. Nikifikiri hayo wakati ninawakatia samaki lengalenga, kisu kinaenda haraka sana.

21 Septemba

Umeme ulikatika asubuhi na haukurudi. Mashine ya hewa ikanyamaza, na baada ya muda mboto wakapanda juu, midomo wazi. Nilichukua jagi, nikachota maji ya aquarium na kuyamwaga kutoka juu, ili yaingie na hewa. Kuchota, kumwaga. Nikipumzika, Papa anagonga kiti. Magauni ya akina mama wa kwaya yamelala kwenye mashine bila mikono.

Mama Kadidja, jirani yetu mwenye moulin, mashine ya kusaga mihogo, alinisikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Weye Kaswera! Uko unatwanga maji kwenye kinu?"

"Samaki wanakosa hewa, Mama Kadidja."

"Na weye, hewa yako iko wapi?"

Muda si mrefu waya ukarushwa juu ya ukuta, kutoka kwenye jenereta ya moulin. "Chomeka! Utanishonea suruali ya kijana wangu Yusufu, ilipasuka tena."

Mashine ya hewa ilipoanza kulia Papa alimtukana Mama Kadidja tusi refu la furaha. Mama Kadidja akacheka hadi akashika ukuta. Yeye ni wa Maniema, na watu wa huko wanaelewa matusi.

30 Septemba

Mvua. Pipa limejaa.

5 Oktoba

Kaka Samy amepiga simu kutoka Kampala. Anakuja na mke wake, Victoire. "Nataka kumuona Papa, nataka na wewe upumzike, Kaswera." Nilikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata.

Lazima niandike Samy ni nani. Lava ya 2002 ilipokuja kula nyumba yetu ya zamani, sisi wote tulikuwa tumeshakimbia hadi barabara ya Sake. Samy peke yake alirudi. Alitokea kwenye moshi akiwa na cherehani yangu kichwani, nyusi zimeungua. Sikuwa nimemwomba. Huyo ndiye Samy. Papa anaweza kusahau jina langu mara elfu, Samy hajanisahau.

Nimefua mapazia.

11 Oktoba

Wamefika. Samy alimkumbatia Papa na kulia kwa sauti. Amenenepa, anavaa saa kubwa. Alileta couches, nepi za wagonjwa, sabuni, kitenge changu kizuri sana.

"Dada yangu, umekonda hivi! Hawa samaki ndiyo wanakulaka chakula yako?"

Tulicheka. Nilisikia mwili wangu mwepesi.

Victoire hakucheka. Alisimama mbele ya aquarium na pembe ya kikwembe, kitenge chake, puani. "Dada, hii harufu munalalaka nayo?" Kichwani perruque, nywele za bandia zinazofika kiunoni. Kucha kama vijiko. Nilimwonyesha chumba chake bila kusema neno.

13 Oktoba

Mwanamke huyo ameosha nywele zake kwa maji ya samaki! Pipa lililojaa, nusu limekwisha. Nilimwambia nilichomwambia. Alisema hakujua. Nani asiyejua kuuliza? Samy akaingia katikati: "Wanawake, ni maji tu, iko inaanguka bure toka mbinguni."

Papa alimtukana Victoire. Kwa mara ya kwanza nilimtafsiria mtu tusi lake.

16 Oktoba

Samy anapima salon kwa hatua. Anasema sehemu inayotazama barabara tungeitenga kwa ukuta, tukaipangisha iwe boutique, duka dogo. Papa akagonga kiti kwa nguvu hadi kidole kikatoka damu. Samy alimbusu kichwani. "Ni mawazo tu, Papa. Ni mawazo tu."

19 Oktoba

Samy alimwalika mtu mkubwa, yeye anamwita bosi, ana hoteli karibu na ziwa. Nilipika tangu alfajiri: sombe ya majani ya mihogo, kuku, fufu mbili, ya unga wa mihogo na ya unga wa mahindi. Bosi alikula kidogo sana. Macho yake yalikuwa kwenye aquarium. Mboto walikuwa wanapita mbele yake kwa mstari, kwenda na kurudi, jua la jioni limewapiga ubavuni, na lazima niseme kweli, walikuwa wazuri. Mimi ninayewachukia nilikuwa najivuna.

"Hawa munawatoa wapi?"

"Mimi ndiye nilimutumia Papa," Samy akasema. "Nilijua anapendaka mto."

Niligeuka kumtazama. Hakunitazama. Papa alikuwa na kijiko njiani kuelekea mdomoni. Alikirudisha kwenye sahani.

Nilijiambia: ni neno la mezani. Watu wa biashara wanasema hivyo.

24 Oktoba

Papa ana joto kali na kifua kinapiga filimbi. Tunaenda hospitali. Nimempa Samy maelezo yote: majani asubuhi, maji kidogo kidogo, waya wa Mama Kadidja umeme ukikatika. Alinishika mabega. "Kaswera. Nenda na Papa. Nyumba, mimi niko."

26 Oktoba

Hospitali. Nalala chini ya kitanda chake. Sérum, dripu, mkononi mwake. Mvua kwenye bati la hospitali ni kelele nyingine kabisa.

28 Oktoba

Joto limeshuka. Samy alikuja na matunda. Papa akamuuliza, "Samaki?"

"Samaki wako bien, wazima, Papa. Wanakungoja."

Papa alifumba macho akalala kama mtoto.

31 Oktoba

Bado hapa. Victoire alileta supu, akakaa pembeni ya kitanda bila kuongea, akaondoka. Hata hakuvaa perruque. Nilidhani ni majivuno ya aina mpya.

3 Novemba

Naandika nikiwa jikoni, maana salon siwezi kukaa.

Yusufu, mtoto wa Mama Kadidja, alituchukua hospitalini na taxi yake. Papa alikuwa na uso mzuri. Njiani alisema "samaki" mara mbili, na mara ya pili aliniangalia mimi usoni wakati anasema, kama mtu anayekushirikisha jambo. Mbele ya nyumba Mama Kadidja alikuwa amesimama kwenye mlango wa moulin, amejaa unga. Hakutusalimia. Aliingia ndani.

Nilimshika Papa kwapani, Yusufu upande mwingine, tukasukuma mlango.

Ukuta ulikuwa mtupu. Nyuma ya ile aquarium rangi ilikuwa bado mpya, kijani kile cha zamani, mraba mkubwa wa kijani katikati ya ukuta mchafu. Kwenye saruji, alama nne za miguu ya chuma. Walibeba kila kitu: kioo, mawe, mashine ya hewa, hata kipande cha shuka nilichokuwa nafutia kioo.

Tulimkalisha Papa kwenye kiti chake. Yusufu alitoka bila kuaga. Samy alikuwa amekaa mezani anakunywa chai.

"Wako wapi?"

"Keti kwanza, Kaswera."

"Samy, wako wapi?"

"Niliwapeleka kwa bosi. Zawadi. Pale hoteli courant ya umeme haikatikaki, kuko mutu wa kuwaangalia. Watakuwa bien kuliko hapa."

"Zawadi ya nani?"

"Ya familia."

"Familia gani? Mimi niko familia. Papa iko familia. Nani alituuliza?"

Akaweka kikombe chini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, alikuwa anasema nami kama mtu anavyosema na mtoto anayelilia mpira.

"Unazania dawa ya Papa inatoka wapi? Kwa mashine yako ya kushona? Bosi atanipatia kazi ya kuleta vinywaji yote ya hoteli yake. Kazi hiyo ndiyo itamulisha Papa. Boutique hapa mbele itawalisha wote wawili. Nimewaza sana, Kaswera. Wewe uko unawaza samaki. Mimi niko nawaza watu."

"Ungemuuliza."

"Kumuuliza nani? Papa hajue tena hata tarehe ya leo. Baada ya wiki mbili atasahau."

Alisema hayo mbele yake. Papa alikuwa hatua tatu kutoka mezani.

Niligeuka. Papa alikuwa anautazama ule mraba wa kijani. Macho yake yalikuwa yanakwenda kushoto, kulia, kushoto, taratibu, kama yanavyokwenda kila siku. Kisha yakasimama. Akamtazama Samy, muda mrefu. Nilingoja tusi. Nililitamani. Niliomba Mungu litoke hata lile baya kabisa, lile la mama wa mtu. Halikuja. Aliinua mkono wake mzima akaonyesha chumba cha kulala, nikampeleka, nikamlaza, akageuka upande wa ukuta.

4 Novemba

Victoire alinifuata jikoni asubuhi. Alikuwa anaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

"Dada, mimi nilikataa."

Nikaendelea kuwasha mkaa.

"Nilimwambia, ngoja Papa arudi, umuombe. Akaniambia, wewe ni mwanamuke wa kuletwa, usiingie mambo ya ukoo. Nilitaka kukupigia. Alininyang'anya simu." Alionyesha mkono. Kucha mbili zilikuwa zimevunjika hadi kwenye nyama. "Siku ile nilileta supu nilikuja kukuambia. Nilimuona Papa analala na ile uso. Nilishindwa."

Nikamuuliza waliwatoaje.

"Kwa ndoo. Walikuwa wanakimbia wote pamoja, huku, kule, wale wavulana wa hoteli wanacheka. Mumoja aliruka, akaanguka chini. Kila mutu aliogopa kumushika. Mimi nilimushika na kikwembe yangu. Alikuwa na nguvu, dada. Alikuwa anapigapiga hapa." Akaweka mkono kifuani.

Kikwembe kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba uani. Kilikuwa kile alichokuwa akijifunika pua.

6 Novemba

Samy amerudi Kampala. Aliingia kumuaga Papa. Papa alikuwa amelala, au amefumba macho. Mimi nilimpa mkono. Alitaka kunikumbatia, nikasema nina sindano mdomoni. Sikuwa nayo.

Victoire alinikumbatia kwa nguvu, nikamwachia.

10 Novemba

Mafundi wanajenga ukuta katikati ya salon. Vumbi. Papa hajasema neno tangu siku ile. Hata "maji" anaonyesha kwa kidole.

15 Novemba

Asubuhi nimekata lengalenga fungu zima kabla ya kukumbuka. Nimezipika. Nimeshindwa kula.

18 Novemba

Mvua kubwa. Pipa limejaa, likamwagika, likaendelea kumwagika. Nilisimama kwenye mlango nikitazama maji mazuri yakienda barabarani. Nilidhani ningefurahi siku ya kuacha kubeba maji.

22 Novemba

Boutique imefunguliwa. Mpangaji anauza simu na kuchaji simu, na muziki unapita ukutani tangu asubuhi. Kodi ndiyo imenunua dawa za Papa leo, na sukari, na nyama. Samy hakudanganya kuhusu hilo. Nimekula ile nyama. Naiandika hapa ili nisije nikajifanya bora kuliko nilivyo.

Kiti cha Papa kinatazama ukuta mpya, mita mbili kutoka usoni kwake. Nimekigeuza kielekee uani. Amekigeuza tena kwa mguu wake mzima, kidogokidogo, hadi jioni.

27 Novemba

Dokta wa centre de santé, kituo cha afya, anasema mapafu ni mazuri, moyo mzuri. Anauliza kwa nini muzee hali chakula. Nikamwambia. Akaandika vitamini.

30 Novemba

Nilimwambia Papa jana: "Tutaenda kuwaona." Usiku alikula fufu yote.

Leo baada ya misa nilimvalisha koti lake la driver, lile la ngozi. Yusufu alitupeleka na taxi, akakataa malipo ya petroli. Kwenye geti la hoteli mlinzi aliinama dirishani.

"Muzee anaenda wapi?"

"Anaenda kunywa," nikasema. "Hapa hawanywaki?"

Alitupisha. Tulimbeba Papa ngazi sita, mimi na Yusufu, tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki ndani ya restaurant. Niliagiza Fanta na glasi tatu. Na pale, nyuma ya comptoir, kaunta ya vinywaji, ilikuwa aquarium yetu. Waliifungia taa zinazobadilika rangi, nyekundu, bluu, nyekundu. Kioo kilikuwa na ukungu wa kijani. Ndani waliweka maua ya plastiki na mboto walikuwa wameyala nusu.

Mboto walikuwa wawili.

Mmoja alikuwa juu, kona ya kushoto. Mwingine chini, kona ya kulia, mkia umetafunwa mpaka umebaki kama mswaki wa zamani. Yule wa juu alipomsogelea, wa chini alijibana kwenye jiwe. Papa alinifundisha zamani, wakati bado anasema: mboto wakiwa wengi ugomvi unagawanyika, kila mmoja anapata kidogo. Wakibaki wawili, mmoja anaubeba wote.

Mhudumu alileta Fanta. Kijana mchangamfu, mwenye adabu, hana kosa lolote. Niliuliza wengine wako wapi.

"Ah, mama, walikuwa wengi! Wengine walikufa siku za kwanza, walibadilisha maji, wakatia ya robinet, ya bomba, yote mara moja. Wenye walibaki, bosi alipata wageni. Wageni walisema, hii si ni mboto? Wakawapeleka cuisine, jikoni." Akacheka kidogo. "Kumbe samaki ya mapambo inakulikaka!"

Nilimtazama Papa. Nilitaka kuziba masikio yake kwa mikono yangu. Mdomo wake ulikuwa unahangaika, upande mmoja ukivuta mwingine. Kisha sauti ikatoka, kavu, ya mtu ambaye hajasema kwa mwezi karibu mzima.

"Wali... waliwapika na nini?"

Maneno matatu! Mhudumu aliinama kwa heshima. "Na ndizi, muzee. Na pilipili."

Papa akatikisa kichwa polepole. "Mboto," akasema. "Iko... tamu."

Hakunywa Fanta. Alitazama wale wawili hadi Yusufu akaniambia polepole kwamba walinzi wa geti wanataka tutoe gari. Ndani ya taxi alijifunika macho kwa mkono mzima, akakaa hivyo, koti la ngozi likipanda na kushuka. Tulipofika karibu na rond-point, mzunguko wa barabara, mvua ilianza kuingia.

"Kaswera," akasema. "Dirisha."

Nilifunga dirisha. Yusufu alinitazama kwenye kioo cha kuonea nyuma, akaona uso wangu, akaangalia barabara.

4 Desemba

Maneno yanarudi. Leo: "chumvi", "kelele", "mbaya". Yote matatu yalihusu boutique na supu yangu.

9 Desemba

Magauni ya Noël, ya Krismasi, hadi macho yanauma. Papa anakaa karibu na mashine yangu sasa, ananishikia utepe. Akichoka anasema "basi" na mimi nasema basi.

14 Desemba

Victoire anapiga kila Jumapili kwa simu yake, Samy akiwa kanisani. Anauliza Papa amekula nini. Nilimwambia kuhusu hoteli. Alisema kwamba Samy hakuipata ile kazi ya vinywaji. Bosi alimpa mtu mwingine. Nilingoja kusikia furaha moyoni. Haikuja. Ni kama kumwona mtu aliyekuibia mbuzi, halafu mbuzi akamfia njiani.

20 Desemba

Samy anakuja Noël. Nilimwambia Papa. Alisema, "Nasikia."

25 Desemba

Asubuhi Papa aliamka kabla yangu. "Samy anakuja leo," akasema, sentensi nzima, akataka kunyolewa ndevu. Nilimnyoa. Alitaka shati jeupe. Nilifikiri: amesamehe. Niliona wivu, naandika kweli, wivu wa miaka yote, kwamba mtoto wa kiume anaweza kuvunja nyumba na bado anyolewe ndevu kwa ajili yake.

Walifika saa sita. Samy amepungua, saa ile kubwa haiko mkononi. Alikuwa amebeba suti mpya ya kumpa Papa ndani ya mfuko wa nailoni. Alipiga goti mbele ya kiti.

"Papa. Noël njema. Ni mimi."

Papa alimtazama kwa uso mzuri kabisa, uso aliokuwa nao zamani kwa abiria, ambao wote aliwaita papa.

"Karibu, papa. Wewe... uko mutoto ya nani?"

"Papa, ni Samy!"

"Samy." Alilirudia jina kama mtu anayetafuta kijiji kwenye ramani. "Hapana. Simujui." Akanigeukia. "Kaswera, mupatie mugeni chakula. Anatoka... mbali."

Samy alishika magoti ya Papa. Alimtajia jina la Mama, la gari lake la kwanza, la mtaa wa zamani uliomezwa na lava. Papa alisikiliza kila kitu kwa adabu na kutikisa kichwa kwa huruma, kama unavyomsikiliza mgonjwa. "Pole, papa," alikuwa anasema. "Pole sana."

Samy alitoka nje. Kupitia mlango nilimwona amesimama uani, mabega yanaruka. Victoire alikuwa amekaa karibu na kiti cha Papa, na mkono mzima wa Papa ulikuwa juu ya mkono wake, unaupapasa taratibu. Victoire aliniangalia. Niliona ameelewa.

Samy aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Tangu lini anasahau watu? Wewe anakujua!"

"Ugonjwa unakujaka na mambo yake, kaka," nikasema, nikamwekea wali.

26 Desemba

Wameondoka alfajiri, kupitia mpaka wa Bunagana. Nilipokuwa narudisha komeo la geti, Papa aliita kutoka ndani.

"Ameenda?"

"Nani, Papa?"

"Samy."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale.

"Ameenda, Papa."

"Mvua. Kule Bunagana... inateleza. Aende polepole."

"Papa, juu ya nini ulimwambia humujui?"

Alikuwa anayatafuta maneno na mimi sikumsaidia, nilitaka yawe yake.

"Alisema... mimi sijue kitu. Hapa. Mbele yangu." Alipumua. "Basi. Sijue kitu."

28 Desemba

Simu ya Samy leo jioni. Wamefika salama, barabara ilikuwa mbaya, gari lilikwama kwenye matope hadi giza. Aliongea juu ya hali ya hewa, juu ya bei za vitu Kampala. Kisha sauti yake ikashuka.

"Kaswera. Baada ya mimi kuondoka... aliniulizia? Hata mara moja tu?"

Papa alikuwa mbele yangu, anakunywa bouillie kwa mkono wa kushoto, bila kumwaga. Aliacha kunywa. Hakunifanyia ishara yoyote, si ya ndiyo si ya hapana. Neno hilo aliniachia mimi.

Nilifikiri kuhusu nyusi zilizoungua, moshi, cherehani kichwani. Niliyafikiri yote, sikuruka hata moja.

"Bado, kaka," nikasema. "Hajakuulizia."